Mgonjwa wa Tatu wa Kirushya

"Umeviuza kambini," alisema nesi Speciosa. "Sema tu, mama, nijue moja."

Anjelika alilibamiza kopo mezani. Alisema yeye si mwizi, na kama nesi anataka kupekua nyumba apekue, aanzie uvunguni. Vidonge vya mumewe vya mwezi mzima vilikuwa vimekwisha kabla mwezi haujafika katikati, na zahanati haikuwa na vingine mpaka gari la dawa lirudi, maana mwaka ule wa tisini na tano kila kitu kilianzia kwa wakimbizi: dawa, kuni, mpaka maji. Mzee Idefonsi alikaa kwenye kigoda mlangoni, macho ya manjano, tumbo limeanza tena kujaa maji, akiwasikiliza wanawake wawili wakigombania uhai wake. Hakuwa na nguvu ya kuwanyamazisha.

Speciosa naye alikuwa hoi. Alitoka zamu ya usiku kambini, akakipanda kilima cha Kirushya kwa miguu. Nyumba hii ilikuwa na wagonjwa wawili, mume wa ini na mke wa presha, na alikuwa ameshawafundisha mpaka ulimi umekauka. Kopo jekundu la mzee, kopo la bluu la mama. Maharage yasitiwe chumvi. Mama asiache dawa eti kwa kuwa kichwa kimepoa. Mzee asiguse pombe, hata ya kuonja.

"Mzee, unaonja?"

"Tangu Pasaka sijaonja."

Hapo Anjelika akashusha sauti, akatazama kwanza chumbani. "Nesi, vidonge hivyo si sisi tunaovimeza."

Akaeleza kwamba kila jioni, wakiwa uani na sufuria ya maharage, kifuniko cha kopo jekundu hufunguka ndani kwenye nyumba isiyo na mtu. Halafu maji humiminwa. Halafu koo humeza.

Speciosa akacheka cheko la mtu asiyelala. Alisema basi panya wa Ngara wamestaarabika, siku hizi wanamezea maji. Lakini mkobani alikuwa na vidonge vichache vya akiba vya kutoa maji tumboni. Akakitoa kimoja, akamwekea mzee mkononi, akamwambia ameze palepale mbele yake. Idefonsi akakitia mdomoni. Taya zilitembea, macho yakamtoka, lakini koo lilikataa, kama limeshikwa na mkono kwa nje. Akakitema.

Kwa hiyo nesi akaviweka vile vya akiba kwenye kopo jekundu, akabakiza viwili mfukoni, wakatoka wote watatu kukaa uani. Nyumba ilikuwa na mlango mmoja. Jua lilikuwa bado lipo juu ya migomba.

Harufu ndiyo ilikuja kwanza, harufu ya ndizi zilizovundikwa zikapitiliza, tamu mno, ile ile ambayo Speciosa aliifahamu kwenye pumzi za wagonjwa wa ini wanaokaribia mwisho, na alipogeuka kumtazama mzee akidhani ni yeye aliona mzee ameziba pua, na ndani ya nyumba kifuniko kikalia, maji yakamiminwa taratibu kama mtu anayeogopa kuyamwaga, na koo, koo kubwa lililokauka, likameza, likapumzika, likameza tena, likaguna kama mtu aliyepata nafuu.

Speciosa aliingia. Kopo lilikuwa tupu. Kikombe kilikuwa na majimaji. Godoro la majani lilikuwa limebonyea mahali alipokaa mtu mzito, na penye bonde lile palikuwa na jasho la manjano.

Aliporudi uani, Idefonsi alisema bila kuulizwa. Baba yake alipika pombe ya ndizi, na babu yake pia, na kikombe cha kwanza hakikunywewa na mtu. Kilimwagwa kwenye shimo la kuvundikia ndizi, kwa ajili ya yule wa shimoni. Anachomeza mwenye nyumba, yeye humeza kwanza. Walipokuja wakimbizi pombe ikawa inagombaniwa, Idefonsi akapika mfululizo, akaonja kila mtungi na kumwaga kila mtungi, mpaka alipougua.

"Sasa sipiki. Cha kumeza nina vidonge tu, na yeye anataka chake."

Mganga Matiasi alishaitwa. Alisema jini hatoki kwa ubani wala kwa sala, apewe pombe atarudi shimoni. Ila mpishi asipoonja, haikubaliki.

"Ukionja utakufa, mzee."

"Najua. Nisipopata vidonge je?"

Speciosa alipandwa na hasira. "Amekunywa na wewe miaka yote hiyo?"

"Kila mtungi."

"Basi naye ini limekwisha," alisema nesi. Akanyanyuka.

Alimvuta Anjelika ndani, akafungua kopo la bluu. Hakuwahi kumpa mtu dawa bila kuieleza, ndivyo alivyozoea kazi yake, na hata sasa alikiinua kidonge kwenye mwanga, akanong'ona: "Hiki ni cha presha. Mwenye ini asikiguse, kitammalizia ini lote." Akasubiri mama arudie. Anjelika akarudia, neno kwa neno. Wakalijaza kopo jekundu kwa vidonge hivyo, wakatoka.

Hawajakaa vizuri, harufu ikawafuata. Safari hii na hatua zilisikika, nzito, za miguu iliyojaa maji, zikikokota sakafuni hadi mezani, na kifuniko kikafunguka, na wote watatu wakaacha kupumua wakisubiri maji yamiminwe, lakini maji hayakumiminwa, kidonge kikatoka mlangoni kikibingirika vumbini, kikafuatwa na kingine, na kingine, mpaka vyote vikalala miguuni pa nesi.

Sauti iliyotoka gizani ilikuwa ya mzee aliyechoka kuliko wao wote.

"Nesi, hivi ni vya mama. Mwenye ini asiviguse, umesema mwenyewe." Ikapumua kwa shida. "Vyangu viko mfukoni mwako. Nipe."