Majina ya Ukurasa wa Mwisho

Kasha lilikuwa wazi na kitabu hakikuwemo.

Inspekta Lieve Wauters aliinama akalikagua komeo. Halikuvunjwa. Jalada la fedha lililokifunika kitabu lilikuwa palepale juu ya mahameli. Hilo ndilo lililomtia shaka. Mwizi gani wa Antwerp anaacha fedha na kubeba karatasi?

"Ni kitabu cha sala," alisema Reb Anshel, msimamizi wa nyumba ya Rebe, yaani kiongozi wa Wayahudi wa Kihasidi, macho yake yakiwa ukutani ili, kwa desturi yao, asimtazame mwanamke huyu usoni. "Kina zaidi ya miaka mia mbili. Mwasisi wetu alisali nacho mpaka machozi yake yakafifisha wino. Rebe hukifungua mara moja tu kwa mwaka, saa ya mwisho ya mfungo wa Yom Kippur. Na mfungo ni keshokutwa."

"Nani ana ufunguo?"

"Mimi. Na tangu juzi, huyu fundi."

Fundi aliitwa Kalman Ostrover, mkarabati wa vitabu vya kale aliyeletwa kutoka London. Wauters aliwahoji kila mmoja peke yake. Alikuwa amefanya kazi mtaa ule miaka kumi na tisa, akijua kwamba Mahasidi hawamwiti polisi mpaka maji yawafike shingoni, na wakimwita humpa nusu ya habari. Anshel alidai kwamba fundi aliulizia mno habari za wanunuzi wa vitabu vya kale. Fundi alidai kwamba Anshel hakutaka kitabu kitazamwe kwenye mwanga. Mizigo ya fundi ilipopekuliwa, haikuwa na kitu ila gundi, sindano na brashi.

Aliwaweka pamoja.

"Bwana Ostrover, ulipanga kukifanyia nini?"

"Kukishona mgongo. Kuondoa kuvu. Kufuta penseli."

"Penseli gani?"

Anshel alidakia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kitabu kilifichwa na mtu fulani kijijini, huko milima ya Karpati. Baada ya vita kilichimbuliwa ukutani mwa nyumba yake, mwenyewe hakurudi. Mtu huyo alikuwa ameandika vitu kwenye ukurasa wa mwisho.

"Kitabu cha mtakatifu si daftari," alisema Anshel.

"Mlilizungumza lini jambo hili?"

"Jana mchana, mezani," alijibu fundi. "Nilimsomea majina mawili ya kwanza tu, kisha supu ikatumwagikia. Tulikuwa wawili."

"Nani aliwapakulia?"

Walitazamana kama watu walioulizwa jina la kiti.

"Mpishi," alisema Anshel. "Lakini huyo ni Frimet tu."

Frimet alikuwa jikoni akikanda unga, mjane wa makamo, kitambaa kimembana kichwani. Hakuacha kukanda.

"Bibi Frimet, uko hapa miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Umewahi kumwaga supu mara ngapi?"

Mikono ikasimama.

"Mara moja."

Alinawa, akajifuta taratibu, akafungua droo ya vitambaa vya meza na kutoa furushi. Asubuhi ile, alieleza, Anshel alipokwenda kuoga kabla ya sala, koti lake lilibaki limetundikwa ushorobani na ufunguo mfukoni. Yeye Frimet aliuchukua ufunguo, akatoa kitabu, akaliacha jalada la fedha. Hakukifungua, hakuthubutu. Alitaka tu kukificha mpaka fundi arudi kwao.

"Kwa nini?" aliuliza Wauters.

"Fundi alisoma 'Gitel'. Akasoma 'Yoine'. Hao ni dada yangu na kaka yangu. Baba aliniambia alikuwa akificha kitabu cha Rebe. Mimi nilipelekwa kufichwa kwa mkulima kabla ya Pasaka, nikiwa na miaka tisa. Wao walipakiwa kwenye treni ya kambi ya mauaji. Hawana kaburi, Inspekta. Hawana hata cheti. Na huyu bwana ana kifutio."

Anshel alikuwa amesimama mlangoni. "Majina hayo ulitusikia tukiyasoma. Ushahidi uko wapi?"

"Mpe kitabu," Wauters alimwambia Frimet. "Reb Anshel, soma kimyakimya. Bibi, wataje watoto wote wa baba yako."

Frimet alifumba macho. "Gitel, alizaliwa wiki ya sikukuu ya Hanuka. Yoine, siku ya pili ya Pasaka. Wa tatu ni mimi, Frimet, mwezi wa Elul. Wa nne Mechel, siku moja baada ya sikukuu ya Purim. Basi."

Kidole cha Anshel kilikuwa kimeshuka naye mstari kwa mstari. Uso ulimbadilika.

"Kwa nini hukusema miaka yote hii?"

"Nani aliniuliza? Mmekuwa mkiniuliza chumvi tu."

Kidole cha Anshel kilikuwa bado ukurasani, chini ya mstari wa Mechel. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alimtazama mwanamke usoni.

"Frimet," alisema polepole, "kuna jina la tano."

"Hakuna. Tulikuwa wanne."

"Perele. Amezaliwa siku tatu baada ya Pasaka, mwaka ule ule wa treni."

Frimet alikivuta kiti, akaketi.

"Soma tena," alisema.