Shahidi wa Tatu

Tak-tak-tak. Ting!

Mashine ya chapa, nyuma ya ukuta wa ghala la karafuu, Chake Chake. Machi 1961, saa nne asubuhi.

Himid Nyange alichomoa bastola yake ya Webley kiunoni. Mji mzima ulimjua kama fundi baiskeli. Makao ya upelelezi, Unguja, yalimjua kwa jina moja tu la siri: Kozi.

Teke moja. Mlango ukalala.

"Mikono juu, Ahmada!"

Ahmada akamrushia mashine, Remington nzima. Himid akainama. Chuma kikapasua chokaa ya ukuta. Ngumi moja ya kidevu, na Ahmada akaangukia magunia, pingu mikononi.

"Fundi baiskeli!" Ahmada alicheka, damu mdomoni. "Kumbe hata serikali ina pancha!"

Mezani palikuwa na mihuri mitatu ya kughushi, rundo la vibali bandia vya ukaazi wa kudumu, na daftari la majina ya wanunuzi. Miezi minne ya kuwinda imekwisha.

Mtu akakohoa pembeni.

Mwanamke mzee alikaa mkekani. Mapajani mwake, kibali ambacho wino wa muhuri wake haujakauka.

"Bi Mwanapili?"

"Ndimi, mwanangu."

Bastola ikawa nzito. Huyu alikuja kutoka Unyamwezi kuchuma karafuu, mwaka 1929. Mwaka huo huo, wiki aliyomzika mwanawe mchanga kijijini Vitongoji, mamake Himid alifariki akimzaa. Mwanapili akamchukua yatima, akamnyonyesha.

"Kwa nini hukwenda ofisini?"

"Nlikwenda mara tatu. Wanataka mashahidi watatu walionijua miaka ile. Mzee Kificho yupo, Bi Kazija yupo. Wa tatu nimtoe wapi? Wengine n'shawazika."

"Na mimi? Umri wangu wenyewe si ushahidi?"

"Shahidi hushika msahafu, akaulizwa kazi yake. Ulinambia siri yako nisimwambie mtu. Nikuapishe uongo, Himid?" Akatazama kibali mapajani. "Wakinirudisha bara, kaburi la mwanangu nani atalipalilia?"

Himid alitoka nje. Akafungua sanduku la spana kwenye baiskeli yake ya Raleigh, akavuta waya wa redio ya upepo.

"Kozi hapa. Ahmada mkononi."

"Vyema," ikajibu sauti ya makao, Unguja. "Majina?"

"Thelathini na moja."

"Yalete yote. Watapanda meli ya Alhamisi kurudishwa bara, ila mwenye mashahidi halali."

"Wa mwisho anao."

"Nani?"

"Wawili ni wazee wa hapa. Wa tatu ni mimi."



"Ukisimama mbele ya karani, Kozi amekufa. Uliowafunga watakujua, na mimi sitakulinda."

"Najua. Mwisho."

Akalifungua tena daftari. Majina thelathini yaliyobaki yalimtazama, na hakuna hata moja aliloweza kulisemea. Akalifunga polepole.

Askari walipofika, aliwakabidhi Ahmada, mihuri na daftari. Kibali bandia akakitoa mikononi mwa bibi kizee, akakiweka juu ya rundo pamoja na vingine. Akashika usukani wa Raleigh na kuanza kuisukuma juani, Mwanapili akimfuata nyuma.

"Watakuua, mwanangu."

Himid hakugeuka.

"Mama, kesho saa mbili asubuhi nitashika msahafu. Nitataja jina langu na kazi yangu. Nitasema: huyu amenilea katika kisiwa hiki, na mwanawe wa kwanza amelala hapa. Wallahi nitasema."