Mgeni Asiyeshuka Kula

Sahani ilirudi imejaa. Ndizi zilikuwa vilevile zilivyopangwa na nyama haijaguswa, lakini Jovitha, mhudumu wa hoteli, alipoonja, hazikuwa na chumvi wala harufu, na zilikuwa baridi kama kitu kilichotolewa kisimani. Zilikuwa zimetoka jikoni zikifuka mvuke muda mfupi tu uliopita.

"Chumba cha mwisho amelala nani?" alimwuliza Cassian, mpishi.

"Simjui. Kengele inalia, napakua. Bosi kasema tusiulize, atalipa akiondoka."

Mwaka ule wa tisini na tano, wakimbizi wamejaa Karagwe na wazungu wa misaada wanagombea vitanda, hoteli ya mzee Rweyemamu pale Kayanga ilikuwa na mazulia na maji ya moto. Chakula kilekile cha mezani, kikipandishwa chumbani, alikiuza kwa bei mara nne. "Anayeona uvivu kushuka ngazi," alikuwa akisema, "aione na bei."

Mchana mmoja wa mvua kengele ililia tena. Jovitha akapanda na sinia. Ukumbi wa juu ulinuka udongo mbichi, kama kaburi lililochimbwa asubuhi. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Kitandani shuka lilikuwa limebonyea kama mtu ameketi, na hapakuwa na mtu.

"Bei gani?" sauti iliuliza polepole, kwa Kinyambo cha kizee.

Jovitha akaitaja.

"Nani ameiweka?"

"Ni... ni mzee Rweyemamu, waitu," akajibu, kwa neno la heshima la Kinyambo.

"Vema. Basi nitakula kwake."

Tangu hapo Rweyemamu akaanza kupungua. Alikula asubuhi, akala mchana, akala jioni, na kila kengele ya juu ilipolia alishika tumbo akilalama kwamba anachotwa kama sufuria, mpaka mashavu yakazama, mkanda ukamzunguka mara mbili, na mkewe Celestina, aliyekuwa akimwosha, akaona mbavuni alama za vidole, vidole vya mtu anayemega tonge. Hospitali hawakuona ugonjwa.

Celestina akamwita Mukandekezi, mganga wa Isingiro, mama mtu mzima mwenye rozari shingoni. Alifika mwanzo wa ngazi, akanusa, akarudi nyuma.

"Huyu alikuwapo kabla ya hoteli," alinong'ona. "Wapita njia walikuwa wakimwachia chakula kilimani hapa, bila kuuziana. Hafukuzwi kwa moshi. Apelekewe chakula, aambiwe hakuna bei."

Rweyemamu akainua kichwa kitandani. "Bure? Mwambieni nimepunguza nusu."

"Mume wangu, unakufa!"

"Hoteli yangu haigawi."

Celestina akamgeukia Jovitha, akapiga magoti. "Anakujua wewe, mwanangu. Nenda."

"Akiniuliza nani kasema?"

"Usimdanganye," akasema Mukandekezi.

Jovitha akapanda. Akaweka sinia kitandani, karibu na pale palipobonyea. "Karibu ule, waitu. Hakuna bei."

"Nani amesema?"

Chini, Rweyemamu aliguna kama ng'ombe anayechinjwa. Jovitha akafumba macho.

"Mimi. Jovitha, binti wa Projest, wa Chonyonyo."

Kisha, kwa mara ya kwanza, akasikia kutafuna. Alipofumbua macho sahani ilikuwa nyeupe, shuka limenyooka, na ile harufu imekwenda.

Muda si mrefu, Rweyemamu aliomba uji, akaumaliza, akaomba mwingine. Celestina alilia kwa furaha. Akamfungia Jovitha kilo ya sukari na kumruhusu aende kwao akapumzike.

Jovitha akashika njia ya Chonyonyo mguu mwepesi, akiimba peke yake katikati ya migomba. Jua lilikuwa bado juu alipofika. Mama yake, Evangelina, alikuwa amesimama nje, mgongo ukutani, kanga mdomoni.

"Shikamoo, mama."

"Mgeni wako yumo ndani," alisema kwa sauti ndogo. "Chungu kimekwisha zamani, mwanangu, na bado anakula."

"Baba yuko wapi?"

Mama akatazama mlango.

"Nilimwambia atoke, aende zake. Akasema wewe umemwambia kwenu hakuna bei."