Joto la Mama Mkwe

Hii nilipewa na Pansun, yule mama muuza tofu, ile jibini ya soya, aliyekuwa akizunguka kijijini kwetu huko milimani na kengele yake mkononi. Pansun alikuwa na domo, lakini uongo hakuwa nao. Na hapa alikuwepo mwenyewe.

Basi alikuwepo Malsun, mke wa mwana mkubwa wa nyumba moja, tulimwita Mama Seokho. Aliolewa akiwa binti, akakabidhiwa jiko na mama mkwe wake. Unajua nyumba zetu za zamani: unachochea kuni jikoni, moto unapita chini ya sakafu, na upande wa jikoni ndio wenye joto kuliko pote. Hapo hulala mkubwa wa nyumba. Malsun alipasua kuni, akala moshi, macho yakawa mekundu kama ya samaki wa juzi, ili mama mkwe alale pa moto. Ahsante hakuipata. Lakini bibi, huyo mama mkwe, alikuwa wake.

Halafu mdogo wa mumewe akarudi kutoka mjini Busan na mkewe Yonja. Wakajenga ng'ambo ya ua. Kuni hawataki. Wakaleta mafundi, watandaze chini karatasi nyeusi zenye nyaya za umeme, juu yake waweke sakafu ya plastiki. Unabonyeza kidude ukutani, chumba kizima kinapata moto, kona hadi kona.

Bibi akasema, "Ikiisha, nahamia kwa Yonja. Nimechoka kunuka moshi kama samaki wa kubanikwa."

Watu wakacheka. Malsun naye akacheka. Aliporudi jikoni alivunja kijiti cha kuchochea moto, akakivunja tena.

Akaenda kwa mganga, yule mama wa ng'ambo ya kilima. Mganga akamwambia, "Tafuta kitambaa cha maiti. Kiweke chini ya sakafu yao. Nyumba haitashika joto."

Malsun akakumbuka sanduku la bibi. Mle ndani mlikuwa na kitambaa cha katani cha sanda, akajua ni baki la sanda ya baba mkwe. Akakata kipande. Siku mafundi wanatandaza, akawapelekea pombe ya mchele na viazi vitamu, kama jirani mwema. Wakatoka kula uani. Yeye akainua karatasi nyeusi, akakisukuma kile kipande chini.

Nyumba ikaisha. Kijiji kikaalikwa. Pansun alikaa na ndoo yake ya tofu, akasema makalio yalimuungua mpaka akakalia kiatu.

"Mama, hapa hata yai linaiva," Yonja akamwambia bibi, anajidai.

Bibi amejikunyata. "Basi liwashe hilo joto lako, mwanangu."

"Limewaka, mama."

"Hebu liwashe bwana. Mnanifanyia mzaha?"

Yonja akapandisha. Watu wakaanza kuvua makoti. Bibi meno yanagongana. Pansun akamshika mkono, akauachia haraka. Ulikuwa kama mkono uliotoka kisimani.

Malsun aliinamisha uso, anaficha meno. Alijisemea, nyumba inashika joto, sawa, lakini bibi halimshiki. Vizuri zaidi.

"Twende nyumbani, mama," akasema kwa sauti tamu. "Umeme hauna huruma. Nitakukokea moto."

Akambeba mgongoni mwenyewe, akivuka ua watu wanamwona. Akachochea kuni za msonobari mpaka karatasi ngumu iliyotandikwa sakafuni ikabadilika rangi. Akamlaza pale pake pa zamani, akamfunika mablanketi yote ya nyumba.

Jasho linamtiririka Malsun. Bibi anapumua, na pumzi inatoka moshi.

Kwenye pindo la blanketi paliota umande. Ukaganda.

"Mama Seokho." Bibi ananong'ona. "Umenilaza kwenye theluji?"

"Hapana, mama."

"Nani amefungua sanduku langu?"

Malsun akamvutia blanketi shingoni.

"Nasikia upepo. Hapa, kiunoni. Vazi langu lina tundu."

"Vazi gani, mama? Ile ni sanda ya baba."

"Ya baba yenu, baki lote tulichoma na mto wake. Ile yangu. Niliishona ule mwaka wenye miezi kumi na mitatu, maana ukishona sanda yako katika mwezi wa ziada unaishi sana." Akageuza macho. "Hukujua, mwanangu? Ulikuwa hunisikilizi nikisema."

Malsun alitoka bila viatu. Akavuka ua na mundu mkononi, akaanza kuchana sakafu ya Yonja.

"Dada! Umeingiwa na nini?" Yonja akapiga kelele.

"Inua. Nisaidie kuinua."

Wakainua. Nyaya nzima. Karatasi nzima. Kitambaa hakipo. Chini, kwenye saruji, palikuwa na alama ya maji. Umbo la mtu mdogo aliyelala kwa kujikunja, magoti kifuani. Yonja akaiona. Pansun, hajaondoka bado, akaiona. Ikakauka taratibu, kuanzia miguuni.

Ilipofika kichwani, Malsun akajua hakuna haja ya kukimbia. Alirudi akitembea.

Wakamvika bibi sanda yake na tundu lake. Malsun alitaka kuliziba. Sindano ikakatika. Akaleta nyingine, nayo ikakatika. Wanawake wakamwambia, acha.

Yonja hakukaa tena. Walirudi Busan, nyumba ikabomolewa, waya ukakatwa kule juu ya nguzo. Pakabaki uwanja mtupu. Majira ya baridi theluji ikaanguka, ikafunika kila kitu, isipokuwa sehemu moja, urefu wa bibi aliyejikunja. Kavu. Paka wa kijiji kizima walikuwa wakija kulala pale. Wanajipanga pembeni, duara, na katikati wanaacha nafasi.

Pansun aliweka mkono. Pa moto kama bakuli la wali. Kila mtu aliweka, akasema hivyo hivyo.

Malsun alikuja siku moja mchana, akapiga magoti. Akaweka kiganja. Akakitoa, akaweka kingine. Akalaza shavu.

"Pa moto, dada?" Pansun akamuuliza.

Shavu liliponyanyuka, lilikuwa jeupe, limeshika barafu.

"Hata huku," akasema. "Hata huku amemchagua Yonja."

Haya watoto, laleni sasa. Wewe wa pembeni, sogea, kuna nafasi. Nani anataka huku karibu na mimi?