Tairi Lililojaa Salamu

Sogea hapa. Na wewe pia. Acha kuvuta sikio la mwenzako.

Nina hadithi inayonuka mpira mpya. Ni tamu kuliko ile ya jana. Ukitaka kubisha, bisha baadaye.

Huyu ni Atupele. Anakaa Tukuyu, kwenye ukungu na migomba. Jino lake la mbele limeng'oka, lakini maneno mdomoni hayajapungua hata moja.

Siku hiyo Atupele alikaa kwenye benchi, kwenye karakana ya Mjomba Lwitiko. Mkononi alishika ndizi mbivu.

"Ndizi ya nani hiyo?" Mjomba aliuliza.

"Ya mtoto."

Mama alikuwa amejifungua. Alikuwa hospitali, yeye na Baba na mtoto mchanga. Leo walikuwa wanarudi nyumbani!

"Atu, mtoto hana meno," Mjomba alisema.

"Hata mimi sina," Atupele alijibu. "Tutakula polepole."

Mjomba ndiye wa kwenda kuwachukua. Lakini gari lake lilikuwa juu ya jeki, mguu mmoja hewani, kama kuku aliyekanyaga tope.

Tairi moja lilikuwa limechanika. Chwaa! Halishoneki, halizibiki.

Bahati nzuri, palikuwa na tairi jipya. Jeusi tii! Lina vinywele vya mpira pembeni, kama ndevu za mbuzi mdogo.

"Ni hili moja tu," Mjomba alisema. "Tukilifunga, tunaenda. Likiharibika, mtoto analala hospitali tena."

Atupele aliibana ndizi yake. Hakutaka mtoto alale hospitali tena. Ndizi nayo hakutaka ilale.

Sasa sikiliza. Mjomba Lwitiko ni fundi mzuri. Ila anajisifu! Anajisifu mpaka kuku wa jirani wamezoea.

"Atu! Tukuyu nzima, nani anajua matairi?"

"Wewe, Mjomba!"

"Sema tena. Mlima haujasikia."

"WEWE, MJOMBA!"

Mjomba alicheka. Akavisha tairi kwenye rimu yake. Akalilaza chini, kando ya gari.

"Wewe kaa palepale kwenye benchi," alisema. "Upepo si wa kuchezea."

Akawasha mashine ya upepo. Tututututu! Akachomeka mpira wa upepo kwenye tairi.

Psssssss...

Tairi likaanza kunenepa. Pa! Upande mmoja ukakaa kwenye rimu. Pa! Upande wa pili ukakaa.

"Umeona?" Mjomba alisema. "Limekaa kama mfalme. Bado kidogo tu."

Kwenye mpira huo kuna saa ndogo ya kupimia upepo. Mafundi wanaiita geji. Mjomba ameichorea mstari mwekundu. Mshale ukifika kwenye mstari, basi, inatosha.

Mshale ulikuwa unakaribia. Unakaribia...

"Hodi hapo!"

Alikuwa Bibi Sekela, na kikapu chake cha maparachichi.

Ala! Humjui Bibi Sekela? Bibi Sekela hasalimii nusu. Akianza salamu, anamaliza zote.

Na mtu mzima akikusalimia, unageuka, unamtazama. Huwezi kumjibu huku umempa mgongo. Basi Mjomba akageuka. Geji akaipa mgongo. Mpira wa upepo bado uko mkononi.

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, Lwitiko. Habari za kutwa?"

"Nzuri."

Psssssss...

"Habari za kazi?"

"Nzuri."

Psssssss...

"Habari za mke?"

"Nzuri."

Mjomba hana mke! Alijibu tu, mdomo umezoea.

Psssssss...

"Habari za ng'ombe?"

"Nzuri."

Ng'ombe pia hana.

Psssssss...

Atupele akatazama geji. Mshale umefika kwenye mstari mwekundu. Mshale umeuvuka! Mshale unaenda zake kutembea!

Tairi limevimba. Limekuwa gumu. Limekasirika kama chura.

Atupele alifungua mdomo. Akaufunga. Mtoto haingilii salamu za wakubwa. Hiyo hata wewe unaijua, ingawa jana uliingilia.

"Habari za mvua?" Bibi aliuliza.

"Nzuri."

Psssssss...

Afanyeje? Tairi likipasuka, hakuna safari. Hakuna mtoto. Kuna ndizi tu.

Atupele alifikiri. Akafikiri tena. Kisha akakumbuka. Yeye bado hajamsalimia Bibi!

Akasimama wima kwenye benchi lake.

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu mzuri! Habari za hapa?"

"Nzuri, Bibi," Atupele alisema, haraka haraka. "Nzuri sana. Ila tairi limejaa kupita mstari."

Mjomba akageuka. Macho yakamtoka kama vitunguu.

"Mama yangu!"

Akachomoa mpira wa upepo. Akazima mashine. Tutu... tu... tu.

Tairi lilikuwa gumu kama jiwe la kusagia. Mjomba alilipiga kwa kidole. Ti! Ti! Ti!

"Mjomba," Atupele aliuliza taratibu, "Tukuyu nzima, nani anajua matairi?"

Bibi Sekela ndiye aliyejibu.

"Si huyu."

Atupele alicheka. Kisha hakucheka tena. Mdomo wake ukatetemeka.

"Limeharibika? Mtoto atalala hospitali?"

"Subiri," Mjomba alisema. "Usilie kabla ya kuangalia. Kwanza tunalipunguza."

Akauchomeka tena ule mpira wenye geji, akabonyeza kipini kidogo cha kutolea upepo.

Fyuuuuuuu!

Upepo ukatoka. Mshale ukarudi nyuma, polepole, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Ukakaa kwenye mstari mwekundu.

"Sasa tuliangalie," Mjomba alisema.

Akapitisha kiganja pembeni, pande zote. "Hakuna uvimbe."

Akalipaka maji ya sabuni. Atupele akaja kutazama. Pua yake ilikaribia kuingia kwenye sabuni.

"Hakuna povu linalopanda. Halivuji."

Akasoma namba zilizoandikwa kwenye tairi lenyewe. "Hapa pameandikwa mwisho wa upepo wake. Tuliuvuka mstari wangu. Mwisho wa tairi hatukuufikia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo halijaumia. Lilikuwa limelala chini tu. Halijabeba gari. Halijagonga shimo."

"Na lingeenda barabarani vilevile, limejaa?"

"Eh! Lingerukaruka kama mbuzi wa Bibi Sekela. Likutane na shimo, pu! Hapo lingeumia."

"Mbuzi wangu ana adabu," Bibi alisema.

"Na ungeendelea kulijaza?" Atupele aliuliza.

Mjomba akakuna kichwa. "Ningeendelea, lingepasuka. Na mimi ningepasuka kwa aibu. Ahsante, Atu. Umenisaidia."

"Alisalimia vizuri," Bibi Sekela alisema. "Mimi nasema kila siku, salamu ni muhimu."

Akambariki Atupele kwa parachichi moja kubwa. Akaondoka kwenda kutafuta mtu mwingine wa kusalimia.

Mjomba akafunga tairi. Nati zikaingia, moja baada ya nyingine. Kri! Kri! Kri! Jeki ikashuka. Gari likasimama kwa miguu yote.

Wakaenda. Tairi jipya likazunguka barabarani, taratibu, bila kurukaruka. Virr, virr, virr.

Na hospitalini walikuwepo! Mama na tabasamu. Baba na mabegi. Na kitu kidogo ndani ya kitenge.

Atupele akainama.

"Hujambo, mtoto? Habari za hospitali? Habari za kulala? Habari za meno?"

Mtoto alipiga miayo. Hakujibu hata moja.

"Hana adabu," Atupele alisema. "Nitamfundisha."

Jioni, nyumbani, mvua ilianza. Ti, ti, ti, juu ya bati. Atupele alikula ndizi ya mtoto. Polepole, kama alivyoahidi.

Mtoto naye alinyonya. Akanyonya. Akanyonya tena. Tumbo likavimba. Likawa gumu. Akakunja uso kama chura.

"Eeeng'aaa!"

Atupele akaruka kitandani.

"Mama, acha! Amevuka mstari! Ameharibika?"

Mjomba alikuwa mlangoni, anakula parachichi. Akacheka mpaka likamponyoka.

"Hajaharibika, Atu. Amejaa tu. Mpunguze."

Mama akamlaza mtoto begani. Akampigapiga mgongoni. Pu, pu, pu. Atupele naye akapigapiga, kwa kidole kimoja.

Pu, pu, pu.

"BWEU!"

Tumbo likalainika. Uso ukakunjuka. Mtoto akalala hapo hapo.

"Mjomba," Atupele alinong'ona. "Tukuyu nzima, nani anajua watoto?"

Mjomba akanong'ona, "Wewe, Atu."

"Sema tena. Mlima haujasikia."

Lakini Mjomba hakusema tena. Atupele alikuwa ameshafumba macho.

Hadithi yangu nayo imejaa mpaka kwenye mstari. Nikiongeza, itapasuka.

Fyuuuuu... Lala sasa.