Koki ya Bwawani

Anayetaka kubisha abishe sasa, maana mimi nikishaanza sikatizwi, na hapa kizingitini sihami. Waliosoma hadi miwani ikawashuka puani wanasema jini hanywi maji. Wakamuulize Spana.

Spana, mume wa dada yangu, ndiye fundi wa pampu ya mji wetu, mji mkavu ambao watu wake hubania hata machozi. Kazi yake ina sharti moja lililoachwa na waliochimba kisima: kila adhuhuri afungue koki ya chini kwa saa nzima, maji yateremke bwawani, wanywe ndege, wanyama, na wengine wasiotajwa.

Mwaka huo mvua iligoma. Foleni ya ndoo ikakizunguka kibanda cha pampu kama chatu. Spana akasema ndege hawana ndoo. Akaifunga koki, akachomoa mpini wake, akauficha uvunguni mwa kitanda, asije mwenye huruma akaifungua.

Siku ya tisa bomba likaanza kumeza mate. Glu. Kimya. Glu. Spana akalipiga kofi, akalitania kwamba lina kwikwi. Jioni maji ya kunywa yakanuka tope kavu na manyoya.

Siku ya kumi, jua la utosi, aliingia kukagua mashine. Mlango wa chuma ukajifunga nyuma yake taratibu, kama umefungwa na mtu mwenye adabu zake. Akausukuma kwa bega. Haukutikisika. Pampu ikazimika yenyewe, lakini kule kumeza hakukukoma, sasa kukitoka pembeni, sasa chini, sasa nyuma ya kisogo chake, na kwenye saruji zikaanza kuchipuka nyayo mbichi, za ndege kwanza, kisha kwato, kisha nyayo ndefu kama za mtu ila hazina kisigino, zikimjia bila haraka, na kila uliposhuka unyayo mmoja alihisi maji yakimtoka mwilini, jasho, mate, hata machozi aliyojaribu kulia, mpaka ulimi ukagandana na kaakaa na kope zikawa zinakwaruza alipopepesa.

"Fungua," sauti ikamwambia sikioni.

Koki ilikuwa mbele yake. Mpini ulikuwa uvunguni.

Akatambaa hadi kwenye upenyo wa chini ya mlango. Nje alisikia ndara za mkewe, aliyemletea chakula.

"Mama Mapacha, usipige kelele. Lete mpini wa uvunguni."

"Mbona sauti yako hivyo, baba?"

"Kimbia. Mwenyewe yuko humu na mimi."

Dada yangu alikimbia peku, akaupenyeza mpini chini ya mlango. Spana akaizungusha koki kwa vidole vilivyopasuka kama udongo wa kiangazi. Maji yakashuka bwawani, mlango ukaachia. Tangu siku hiyo kila nyumba imepunguziwa ndoo moja. Watu wananuna, lakini koki inafunguliwa.

Huwa naishia hapo, watu wakashangilia. Kuna kipande nakiruka.

Spana hakutaka kufunga koki. Mimi ndiye niliyemng'ang'ania wiki nzima, nyanya zangu zilikuwa zinakauka. Na ile sauti haikusema "Fungua" tu. Iliuliza pia nani alimtuma, na shemeji yangu, nani angemlaumu, akanitaja.

Jana adhuhuri bomba la bustanini kwangu lilimeza mate.

Ndiyo maana nasimulia nikiwa kizingitini, mguu mmoja nje.