Aliyetangulia Mbele ya Gari

Tarehe tisa Septemba, mwaka 1987, joto lilifika nyuzi arobaini na saba. Upepo ulivuma kutoka kaskazini tangu adhuhuri, na mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi ishirini na miwili.

Jua lilipoanza kuzama, mkunga wa zahanati alikuwa akirejea kwa gari kutoka kambi ya wafugaji alikozalisha mtoto. Alifuatana na wifi yake, mwalimu wa shule, dada wa pekee wa mumewe. Palibaki bonde moja la mchanga laini kabla ya barabara. Gari likisimama katika mchanga ule, halitoki tena. Kwa hiyo mmoja hutangulia kwa miguu akigonga ardhi kwa fimbo kutafuta pagumu, na mwenzake huendesha taratibu nyuma yake.

Wifi alijifunga ushungi wake mweupe, akashika fimbo, akatangulia.

"Twende, mama kobe! Sijui kaka yangu alikupendea nini!"

"Alinipendea ukimya, wifi. Kwenu alikuwa hajawahi kuusikia."

Wakacheka.

Kisha vumbi likainuka, likafunika kila kitu. Kwa dakika nzima mkunga hakuona hata pua ya gari. Lilipopungua kidogo, ushungi ulikuwa palepale mbele, ukienda.

Tok... tok... tok...

Akaufuata.

Ndipo mlango wa abiria ukagongwa.

"Wifi..."

Sauti ilipenya katika upenyo mwembamba wa kioo. Kando ya gari mtu alikuwa akikimbia, kichwa wazi, uso umepakwa weusi.

"Wifi, fungua. Nilitumbukia shimoni. Unamfuata nani?"

Mkunga akatazama mbele. Ushungi upo. Fimbo ipo.

Tok... tok...

Akili ikapiga hesabu. Wa mbele ana kila alichoondoka nacho wifi. Wa kando hana hata kimoja. Tena ananuka. Ananuka tope bichi. Miezi ishirini na miwili bila tone, tope limetoka wapi? Tangu utotoni alikuwa amesikia kwamba jangwa huazima sauti za watu.

"Mimi ni damu ya mumeo, wifi... Usiniache."

Akabonyeza kufuli.

Akapandisha kioo.

Vidole viliburuzika juu ya kioo, vikaacha michirizi minne. Sauti ikabaki nyuma, ikafifia, ikawa upepo.

Magurudumu yalipokanyaga barabara, fimbo ilinyamaza. Mtu wa mbele alisimama, amempa mgongo.

"Panda, wifi," mkunga akanong'ona. "Tumefika."

Ushungi ukashuka polepole hadi chini, kana kwamba ndani yake hamkuwa na kichwa wala mabega. Aliposhuka kuuokota, hakukuta kitu.

Alfajiri mumewe alikwenda na wanaume sita. Upepo ulipaswa kufuta kila alama, lakini nyayo zilikuwa wazi kama maandishi. Katikati ya bonde walikuta kisima cha kale ambacho kifuniko chake cha mbao kilikuwa kimebomoka. Chini mlikuwa na tope. Ndani ya tope mlikuwa na ushungi mweupe, na fimbo.

Kutoka kisimani hadi barabarani, katikati ya alama za magurudumu, hapakuwa na unyayo hata mmoja.

Kando ya alama hizo zilikuwepo nyayo za mtu aliyekimbia, mguu mmoja una kiatu, mwingine mtupu. Ziliendelea hata baada ya gari kumwacha. Kisha zikakoma mahali tambarare. Hapakuwa na dalili ya kuanguka wala ya kugeuka. Walitafuta siku tisa, hawakumpata.

Mume hakumlaumu mkewe. Jioni ile ya kwanza alirudi, akakaa kitini, akavua viatu vyake. Mkewe alisimama mlangoni.

"Nimezihesabu," alisema, "tangu kisimani hadi zilipoishia."

Hatua elfu mbili mia tatu na kumi na saba.